Mbegu ya Maji ya Kijani

Watu wa Kisangani wakisikia nafuga samaki, swali lao ni moja: "Na nguruwe wako wapi?" Maana huku kwetu wengi hujenga banda la nguruwe juu ya bwawa, mavi yanaanguka majini, maji yanakuwa kijani, samaki wananenepa. Sisi Waislamu wa mtaa huu tunanunua samaki wa mtoni, na wa mtoni siku hizi ni ghali, tena wadogo kama kidole. Nikachoka. Mimi ni mutu wa kuchoka haraka.

Bon, nikamwomba baba yangu, Papa Abdulhamid, kipande cha parseli, kiwanja chetu cha nyumbani, nichimbe bwawa bila nguruwe. Alifikiri sana, kisha akasema: "Chimba, Zaina. Lakini uchafu ukiingia humo, au samaki wakikushinda, nalifukia na kupanda mihogo." Na baba akisema kufukia, anafukia.

Kumbe siri haiko kwa nguruwe, iko kwa ule ukijani! Agronomu mmoja alitufundisha: ni mwani mdogo sana, jicho halioni mmoja mmoja, na samaki wanaushiba. Unaupanda kwenye pipa juani, kwa mavi makavu ya kuku. Mwani mwingine unawamiminia samaki wachanga. Mwingine unauchuja kwa kitambaa, unauanika, unawachanganyia wakubwa na pumba za mpunga. Nilianza na chupa moja aliyonipa, mapipa yangu yakawa kijani kama sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa. Hata jirani yangu Kyakimwa, Mnande, Mkatoliki, mwenye bwawa na nguruwe wake upande wa pili wa ukuta, nilimpa bido moja, dumu zima la ule ukijani, ajaribu.

Huyo Kyakimwa alinisaidia kuchimba lile bwawa langu, matope hadi magotini. Baba hakuwahi kumsalimia. Si chuki, alisema, ni nguruwe tu. Akienda msikitini alizunguka njia ndefu asipite mbele ya lango lake. Mimi naona haya, Kyakimwa anacheka: "Acha papa, miguu ni yake."

Alors, samaki wangu wachanga wametoka tu kwenye mayai, wadudu wakaingia ndani ya mapipa, vile vidogo vinavyorukaruka majini, wakala kijani chote. Asubuhi nikakuta maji meupe, unaona hadi chini. Nilikaa chini nikashika kichwa. Kuanza bila mbegu, yale maji ya kijani ya kuanzishia, ni kungoja wiki na wiki, na wachanga hawangoji. Agronomu alikuwa ameshuka mto hadi Basoko, mbali. Wachanga wakifa, bwawa langu linakuwa shamba la mihogo.

Kyakimwa alinisikia nikilia. Haikupita muda, akaingia na bido la kijani kichwani. "Zaina, mbegu hii hapa." Nilitaka kumkumbatia. Lakini baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Imetoka wapi?"

"Kwangu, papa."

Hakungoja neno la pili. Alinyoosha fimbo, akaliangusha bido. Kijani kikaenda chote mchangani, kuku wakaja kuchokora.

Kyakimwa hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema polepole: "Papa, ile maji haikuwa ya bwawa yangu. Ni ile Zaina alinipa. Niliitunza kando, mbali na nguruwe, kwa mavi ya kuku tu. Nilijua siku moja yake inaweza kufa, na wewe hautakubali ya kwangu." Akajifunga kitenge vizuri, akatoka.

Aka! Damu ilinichemka. "Hukuuliza, Papa! Mutu anakubebea usafi wako kwenye kichwa chake, wewe unaumwaga! Maji yakimwagika hayazoleki!" Binti hasemi vile na baba yake, najua. Nilisema.

Aliangalia mchanga uliolowa. Kisha akasema: "Nipe bido."

Akatoka nalo, fimbo mkono huu, bido mkono huu. Nikamfuata kwa nyuma. Alipita njia fupi, akasimama kwenye lango la Kyakimwa, ambako sikuwahi kumwona amesimama.

"Hodi, mwanangu."

Kyakimwa akatokea, mikono bado ina pumba.

"Nimemwaga amana bila kuuliza," baba alisema. "Nisamehe. Kama kuna iliyobaki, naomba."

"Imebaki, papa. Mutu hachoti mbegu yote. Ngoja hapo, nitakuletea, usipite kwa nguruwe."

"Hapana. Nionyeshe ulipoitunza."

Akakunja kanzu, akapita kando ya banda, nguruwe wanakoroma. Nyuma ya jiko kulikuwa na pipa moja, limezungushiwa matofali, limefunikwa chandarua. Kata ya kuchotea ilitundikwa peke yake juu ya msumari.

"Ile kata haigusi kitu kingine," Kyakimwa alisema.

Baba aliiangalia ile kata. Akalia, mzee mzima, mbele ya nguruwe. Na mimi hasira zote zikaniisha, nikalia naye.

Wachanga wengi walipona. Siku ya kuvua, mtaa mzima ulikuja na mabeseni. Baba akachagua mwenyewe samaki mnene kuliko wote, akampelekea Kyakimwa kwa njia ile fupi, kabla hajauzwa hata mmoja.

Kyakimwa alimpokea samaki yule kwa mikono miwili, anacheka, machozi yanamtoka.

"Samaki niko nao, papa. Ile nilikuwa nakosa ni salamu, na ile ulishanipa."