Ramani ya Ukuta wa Ng'ambo

Jana usiku, nikiwa nyumba ya wageni mjini Iringa, niliota nimeamshwa na ramani.

Ilikuwa ile ramani ya njia za kutokea moto ukizuka, iliyotundikwa koridoni karibu na chumba changu. Ilibisha hodi kwa adabu.

"Dada Atuganile, samahani. Inatakiwa niwe usawa wa macho. Macho ya nani?"

"Ya wageni," naijibu.

Inarudi ukutani kufanya kazi. Anapita mgeni mrefu, inapanda. Anapita mbuzi na begi lake, inashuka hadi magotini. Mbuzi anaisoma bila haraka, anashukuru, anaenda zake.

Katikati ya ramani kuna doa jekundu lenye maandishi UPO HAPA. Doa linanitazama.

"Nishikie nafasi," linasema, "nikajinyooshe kidogo."

"Nikiondoka je?"

"Hapa hapatakuwa na mtu. Wageni watajuaje walipo?"

Nasimama. Doa linashuka, linaviringika kwenda zake. Mara korido imekuwa karatasi na kuta zake mistari ya wino. Natamani kuchungulia upande wa pili wa karatasi, ila naogopa kuinua mguu.

Moshi unaingia, umechorwa kwa penseli. Wageni wanatoka vyumbani na kanga na taulo, wananigusa bega mmoja mmoja.

"Tupo hapa?"

"Mpo hapa."

Mshale wa kijani unawaelekeza kushoto. Lakini nakumbuka ngazi nilizopanda jioni ziko kulia.

"Kushoto kuna nini?" nauliza mshale.

"Stoo ya magodoro. Haina mlango wa pili."

"Sasa mbona unawapeleka huko?"

"Nilichorwa kwa ajili ya ukuta wa ng'ambo. Wakanitundika huku. Mimi nafuata karatasi."

Nawaambia wageni waende kulia. Moshi umeziba ngazi, kwa hiyo naufuta kwa kiganja hadi zinaonekana. Wanashuka wote. Mimi nabaki nimesimama, nikingoja doa lirudi, hadi usingizi ukanishika ndotoni.

Niliamka kumekucha, nikatoka koridoni moja kwa moja. Ramani ilikuwa kimya. Mshale ulielekea kushoto, ngazi zilikuwa kulia. Nikaishusha niihamishie ukuta wa ng'ambo.

Mlango wa jirani ukafunguka, akatoka mzee nisiyemjua.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akinishikia ramani upande mmoja. "Miguu haikuumi, kwa kusimama kote kule?"