Mama Kabula na Wakaguzi wa Shida

Kuna hasira ya haramu na kuna hasira ya halali, na hii ninayowasimulia ni ya halali kabisa. Asiyeipenda azibe masikio. Mchana huo Nyamizi, mama yake Kabula, alijitupa mkekani bila kula, si kwa kukosa chakula bali kwa hasira hiyo. Kabula ana miaka tisa na miguu yake haijawahi kumbeba tangu azaliwe. Kila asubuhi mama yake humweka mgongoni akampeleka shule, mwendo wa saa nzima, na saa tisa humfuata. Mtoto anakua, mgongo haukui. Mwezi uliopita walianguka mara mbili, na mganga wa zahanati akamwambia bila kuficha: "Ukiendelea hivi, mama, mgongo utakwisha, na huyu shule ndiyo basi tena." Ndipo akaomba kiti cha magurudumu kwa Mfuko wa Majirani, mfuko ambao yeye mwenyewe huuchangia debe la karanga kila mavuno.

Wajumbe watatu wakaja kukagua shida yake. Kukagua shida, jamani! Naye, mtoto wa watu aliyelelewa akaleleka, akafanya lile ambalo kila mwenye adabu hulifanya akipata wageni: akafagia uwanja, akatandika kitambaa cha meza, akaazima vikombe kwa jirani, akakaanga chapati kwa mafuta ya mwisho ya chupa. Wakala, wakanywa, wakashukuru sana. Asubuhi ya siku hiyo barua ikaja: mwombaji anaishi vizuri, hana uhitaji. Alipokwenda kulalamika, mwenyekiti wa Mfuko, Bwana Masanilo, akaahidi kupita mwenyewe saa nane. Jirani yake Mama Dotto akamshika mkono. "Shoga, safari hii usijitie ustaarabu. Ng'oa pazia, mwaga majivu uwanjani, vaa lile gauni la jikoni. Na ulie, tena kwa kwikwi." Nyamizi akarudi ndani, na ndipo akajitupa mkekani. Usingizi ulimchukua akiwa bado hajui kama atayamwaga majivu au la.

Akajiona katika nchi ya vumbi jeupe, mbele ya ukuta ambao mwisho wake hauonekani, na mwanamke amesimama akimngoja, khanga kaifunga kiunoni, macho mekundu, lakini sauti yake imetulia kama ya mkunga. "Mimi ni Hasira," akasema. "Watu hunikimbia kwa sababu huniita nikiwa nimeshachelewa, nikaja na kuvunja vyungu. Aniitaye mapema hunikuta msema kweli tu. Nifuate." Langoni, chini ya kibao kilichoandikwa Nyumba ya Huruma, walikaa mabawabu wawili. Mmoja alikuwa Mashaka, mwenye shingo ndefu iliyozoea kuchungulia vyungu vya watu. Wa pili Majivuno, ambaye chakula chake ni shukrani, na akila hashibi. Kila aliyeingia alivuliwa staha yake hapo, kama anavyovua mtu viatu, na rundo lake lilikuwa refu kuliko lango lenyewe. Nyamizi alipotaka kuinama aokote ya mtu mmoja amrudishie, Mashaka alimpigia kelele kwamba hiyo ni ushahidi.

Ndani palikuwa na uwanja, na Unyonge anafundisha, fimbo mkononi. "Inamisha shingo! Zaidi! Wewe mama, nywele umechana za nini? Unataka kufa njaa?" Nyamizi akacheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni, maana katika mstari wa mbele alimwona mzee wa umri wa baba yake akifundishwa kulia, na hawezi, kwa kuwa machozi yake ya kweli yalikwisha zamani. "Huruma yuko wapi?" akafoka. "Si nyumba yake hii?" Hasira akampeleka nyuma, kwenye dirisha la jiko lililofungwa kwa kufuli. Humo alikuwamo mwanamke mfupi, mikono imejaa unga. "Walinijengea nyumba hii," Huruma akasema, "kisha wakanifungia jikoni. Mimi huuliza neno moja tu: panauma wapi? Wao wana maswali arobaini, na hilo halimo."

"Nani ana ufunguo?" Nyamizi akauliza. Hasira akanyoosha kidole. Wakaguzi walikuwa wanapita na madaftari yao, na yule wa nne, mwenye ufunguo shingoni, alikuwa Nyamizi mwenyewe. Ewe Mola! Akakumbuka mkutano wa Mfuko mwaka jana, Mama Limi anaomba unga, na yeye, kwa kiburi cha debe lake la karanga, akasema, "Yule? Si juzi tu nimemwona na khanga mpya!" Khanga alipewa msibani, na Mama Limi alirudi kwa watoto wake mikono mitupu. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," akasema Hasira. "Sikukuleta hapa ujipige kifua. Ukiamka usinimalize kwa matusi. Nitumie."

"Hodi!"

Nyamizi akaruka. Nyumba ilikuwa safi kama alivyoiacha, na hapo ndipo maana ilipomwingia: hata angemwaga majivu ya mtaa mzima, shida yake haikuwamo ndani ya nyumba. Walitazama meza, walitazama pazia, mgongo wake hakuna aliyeutazama. Akatoka nje. Bwana Masanilo, mtu wa tumbo na heshima zake, alikuwa ameshafungua daftari.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Karibu, lakini usikae."

"Marahaba. Mama Kabula, nachungulia ndani mara moja tu..."

"Ndani walishachungulia watatu, wakashiba. Shida yangu iko shuleni, inanisubiri. Twende ukaikague." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha mwenyekiti. "Na jioni nitakwenda kwa Mama Limi kuomba radhi. Nilimnyima unga kwa mdomo wangu, kwa ujinga huuhuu wenu. Sikulaumu peke yako. Ila leo kubeba ni zamu yako."

Wakashika njia. Shuleni, watoto wote wakitazama, akamwambia, "Chuchumaa," na mwenyekiti akachuchumaa. Nyamizi akampandisha Kabula, akamfunga kwa khanga akakaza barabara. Hawakuwa wameumaliza hata uzio wa shule, shati la mzee limelowa chapa.

"Mama Kabula," akahema, "tumpumzishe mtoto kidogo."

"Mimi sijachoka, babu," Kabula akamnong'oneza sikioni, kwa adabu zote. "Na mama huwa hapumziki hapa. Hupumzika kule kisimani."

Bwana Masanilo akainua macho kukitafuta kisima. Kilikuwa bado hakijaonekana.