Spea ya Gari la Dizeli

Asubuhi ya kwanza ya Ngowa bila kazi, kuni zilikuwa zimelowa, basi Jumwa akamwambia mumewe alale chali, akateleka sufuria ya chai juu ya tumbo lake. Chai ilichemka upesi. Jumwa aliiepua kwa ncha ya leso, akatia sukari, akampa kikombe.

"Baba Nyamvula, moto huu umetoka nao kazini?"

"Huenda," Ngowa alisema. "Wamenipokonya beleshi na kofia. Habari ya moto hawakuniuliza."

Tangu ujana wake alikuwa mtia makaa kwenye gari moshi la kampuni moja ndogo ya reli, lililopandisha abiria kutoka Changamwe hadi Mazeras. Changamwe nzima ilimjua kwa maringo. Kofia ya kazi aliivaa hata matangani, na akiulizwa ni nani anayeliendesha lile gari, alijibu kuwa mzungu hushika vyuma tu, anayelipeleka ni yeye. Kwa hiyo vita vilipokwisha na kampuni ikaagiza gari la dizeli, lisilotaka makaa wala maji wala Ngowa, watu walimhurumia, ila kicheko hawakukizuia.

Gari lilishushwa melini vipande vipande, likaungwa kwenye karakana ya Changamwe na Mwinyihaji, fundi wa Kisauni. Lilikuwa zuri, mtu asinyimwe haki yake. Lilikuwa jekundu, lenye viti vya ngozi mbele kwa wachache na mbao nyuma kwa sisi wengine. Siku ya kulijaribu watu walijaa stesheni wamevaa nguo za Idi, na wasio na Idi walivaa za Krismasi. Gari liliondoka likinguruma, likafika kwenye mwinuko wa Miritini, likasimama. Kisha likarudi kinyumenyume mpaka stesheni, abiria wote wakiwa bado wanapunga mikono, maana walikwisha kuagana na hawakujua wafanye nini tena.

Wahandisi waliitwa. Walibadilisha mipira na mabomba, wakayasafisha mafuta kwa kitambaa, na kila siku gari likasimama pale pale.

Ndipo Ngowa alipokata tikiti ya daraja la tatu kwenda kumwona mamake Rabai. Alikaa kwenye ubao ulio juu ya injini, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Gari liliupanda mwinuko kama lililotumwa na mkwe, likafika Mazeras mkuu wa stesheni akiwa bado anaoga. Mwinyihaji aliuinua ule ubao, akaigusa injini, halafu akamgusa Ngowa.

"Ngowa, ndugu yangu," alisema, "gari hili lilikuwa na baridi."

Bwana inspekta wa kampuni alikuja kuhakikisha. Aliweka kiganja kwenye tumbo la Ngowa, akakiondoa haraka, akawashia sigara yake pale pale. Aliuliza kama moto ule huwaka siku zote.

"Siku zote, bwana. Nikila pilipili, zaidi."

Inspekta alisema vema, aje kila siku. Akaagiza rangi nyeupe, na karani akamwandika Ngowa nambari mgongoni.

Ngowa alirudi nyumbani kifua wazi, kwa njia ndefu inayopita sokoni, akitembea polepole ili hata wasiojua kusoma waione. Alikataa kuoga. Aliita majirani, akaagiza tembo la mnazi, na mbuzi akachinjwa na Mwinyihaji mwenyewe ili naye apate kula. Ngowa alisimama kuhutubia. Alisema kuwa reli imejua makosa yake, na kwamba kofia inakuja. Alipogeuka kuionyesha ile nambari, Mwinyihaji aliacha kutafuna.

"Nambari hii naijua," alisema taratibu. "Feni ina yake, pampu ina yake, na hii yafuatia. Wallahi, Ngowa, umeandikwa spea. Spea haina mshahara."

"Na kofia?"

"Umepata kuona pampu imevaa kofia?"

Ngowa aliona aibu mpaka machozi yakamlenga, na kwa kuwa alikuwa wa moto yalikauka kabla ya kuonekana. Lakini watu walikuwa wanakula mbuzi wake, basi akavaa shati na kumaliza hotuba.

Alipokwenda kulalamika, inspekta alimsikiliza kwa upole. Sheria, alisema, haina mahali pa kulipa kifaa. Ila vifaa havikati tikiti, na kila Jumamosi vitatiwa mafuta kwenye maungio. Mwinyihaji, mtu wa haya, alimtia ya nazi.

Angeweza kubaki nyumbani. Alijaribu mara moja, gari likakwama Miritini, na Jumwa akiwemo ndani na kapu lake la mahamri ya kuuza Mazeras. Jioni alimletea mumewe mahamri yote ayale yeye. Lakini si hilo lililomrudisha. Alipenda kulisikia gari likipanda, na alijua kuwa analipeleka yeye, jambo ambalo miaka yote alikuwa amelisema kwa uongo kidogo.

Gari lilifanya kazi hivyo mpaka kampuni ilipochoka kununua mafuta, ikalirudisha gari moshi. Ngowa alifurahi kama mtoto. Alikwenda mapema kuomba beleshi lake. Karani alimgeuza, akasoma mgongo.

"Wewe ni wa lile," alisema, akionyesha njia ya pembeni, ambako dizeli ilikuwa imesukumwa ioze pamoja na vifaa vyake vyote.

Ngowa akaenda kukaa mahali pake, juu ya injini. Jumwa humfuata huko kila asubuhi na sufuria. Baada ya chai huja Lewa wa Mjambere, mtia makaa mpya, na beleshi la makaa. Huliweka tumboni kwa Ngowa hadi yashike, kisha hukimbia kwenda kuliwasha gari moshi.

Siku moja Ngowa aliomba aishike ile kofia aliyoivaa Lewa. Lewa alimpa. Ngowa aliipangusa vumbi, akaangalia ndani jasho lake la zamani lilipokuwa bado limechora duara, akairudisha.

"Vaa, kaka, uwahi," alisema akicheka. "Umepata kuona pampu imevaa kofia?"