Keki ya Detlef

Hapa Dresden, kumpongeza mtu kabla ya siku yake ya kuzaliwa ni kumtafutia balaa, na bosi wetu, Dokta Irmtraud, aliishika imani hiyo kuliko sayansi yenyewe. Mashine yetu ilipochapa kipande cha moyo hai, seli juu ya seli, kule juu kwenye kituo cha anga, tukakiona kwenye skrini kikidunda, mwenzangu Detlef aliingia na keki.

“Toka nayo!” Dokta akafoka. “Bado hakijatua.”

“Dokta, si kinadunda? Hata makofi tusipige?”

“Usikichurie, wewe.”

Nusura nimrushie Dokta kikombe. Miaka tisa tulichapa moyo hapa chini, na kila kipande kilitandaa kama uji uliomwagika, maana seli laini huelemewa na uzito wake. Kule juu uzito hauhisiki, ndiyo maana zilisimama zikashikana. Lakini zikirudi duniani, je?

Mwezi uliofuata kisanduku kilifika. Nilikifungua mwenyewe. Kile kipande, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kilikuwa kimesimama wima ndani ya maji yake. Kikadunda. Kikadunda tena. Detlef, mropokaji yule, alikuwa analia kimya.

Tukamgeukia Dokta, tukingoja pongezi zetu. Hata hakututazama. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akanong’ona, “Hongera kwa siku yako ya kuzaliwa.”