Tope la Chini ya Beseni

Jumatatu saa mbili asubuhi, kwenye gereji ya pikipiki pale Mbugani, Aliko alifunga mlango wa stoo ili abadilishe petroli ya kuoshea spea. Mlango hufungwa kwa sababu mvua ya Kyela haipigi hodi, na maji yakiingia kwenye beseni, petroli imeharibika. Koki ya chini ya beseni ilikuwa imeziba tangu mwaka juzi. Petroli chafu aliichota kwa kopo, tope lililobaki akalizoa kwa viganja.

Siku hiyo kwenye tope alitoka marehemu baba yake, uso mzima, na kovu kwenye nyusi. Aliko aliupangusa kwa tambara.

"Bosi, huyu mzee ni wa pikipiki gani?"

"Weka pembeni," alisema Hezroni, mwenye gereji. "Mwenyewe atakuja."

Saa sita alikuja Tulinagwe, mama yake Aliko, na ndizi za mchana. Akaujua uso wa mumewe, akaufunga kwenye kanga. Kabla ya hapo ilikuwa imetoka njia ya kwenda kwao Bujonde, imejikunja kama cheni, na tangu hapo Aliko anasindikizwa nyumbani. Baada ya njia likawa limetoka jina la mke wa Aliko.

"Fundi Hezroni, mwanangu anaisha humu," Tulinagwe alisema. "Mfungulie basi hata mlango. Mnunulie glovu."

"Ndaga, asante mama, nimekusikia. Lakini petroli inatoa chochote kilichoganda, ndiyo kazi yake. Nikifungua mlango, mvua utaizuia wewe?"

"Mama alete mwavuli wa beseni!" fundi mmoja alidakia, wenzake wakacheka.

"Mimi mwenyewe nimeoshea humo miaka tisa," Hezroni aliendelea. "Nina shida gani? Nina watoto..." Akamgeukia yule fundi. "Wangapi vile?"

"Wawili, bosi."

"Wawili."

Nyumbani Tulinagwe alijaribu kumrudishia mwanawe vitu vyake. Alimpaka ule uso kwenye paji, akaubana kwa kitambaa mpaka asubuhi. Haukushika. Aliko alikuwa ameng'aa ndani kama pistoni mpya. Mzazi, mtoto akitoka kuoga bado ananuka petroli, usiseme ni kazi tu. Tulinagwe alikuwa amesema ni kazi tu, mwaka mzima.

Aliyebaki kichwani mwa Aliko sasa alikuwa mama yake tu. Kwa hiyo siku ya kubadilisha tena ilipofika, alikwenda mapema, akasimama nje ya stoo kwenye mvua, akimwita mwanawe kwa jina. Ndani alisikia kopo likikwaruza, kisha viganja.

Aliko akatoka akijifuta mikono, akamwona.

"Shikamoo, mama. Umelowa hivyo! Umeleta pikipiki?"

Tulinagwe alimtazama.

"Marahaba," alisema. "Ndiyo. Pikipiki."

Aliko akamsogezea kigoda chini ya bati asizidi kulowa, akamwambia asubiri kidogo, ana petroli mpya ya kumimina. Akaingia, akafunga mlango.