Barua ya Ngoma ya Idi

Mwaka ule wa 1954, Ramadhani ilipofika katikati, Subira binti Lukumani alijifunga kitenge chake kipya, akatupa ushungi kichwani, akaenda kwenye biro ya serikali pale Kasongo kuomba ruhusa ya ngoma. Sheria ya Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, hata mtoto aliijua: hakuna kupiga ngoma mbele ya watu bila barua yenye kashe, muhuri wa serikali. Na tangu wanawake wa vyama viwili vya ngoma walipovutana nguo uwanjani siku ya Idi, miaka miwili nyuma, Bwana Mkubwa wa serikali alikuwa ameongeza amri nyingine. Siku ya Idi, chama kimoja tu.

Subira alikuwa mkubwa wa chama cha Hariri. Chama cha pili kiliitwa Rehani, na mkubwa wake alikuwa Amisa, mwanamke mwenye sauti nene na kicheko cha karibu, ambaye Subira alimwita yaya, yaani dada mkubwa, ingawa hawakutoka tumbo moja. Subira alipomzaa Zaituni akashikwa na homa hata maziwa yakakauka, Amisa ndiye aliyemnyonyesha mtoto yule miezi mitatu, huku mtoto wake mwenyewe akilia upande wa pili. Mambo ya chama yalikuwa ya chama tu. Waligombea nyimbo, waligombea sare, kisha jioni wakapelekeana sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Karani Grégoire, kijana wa misioni mwenye mwandiko mzuri, alimkaribisha kwa heshima.

"Mama, umechelewa kidogo. Mama Amisa alikuja juzi. Barua yake iko hapa, inangoja mkono wa Bwana Mkubwa."

Subira akahisi uso ukimwaka. Wanawake thelathini walikuwa wamekwisha nunua kitambaa cha rangi moja kwa sababu yeye aliwaambia, "Mwaka huu ni wetu." Angewaambia nini sasa?

"Niandikie na mimi hata hivyo," akasema.

Grégoire akachovya kalamu. Akauliza jina la chama, jina la mkubwa, hesabu ya watu. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Mwaka huu mumekwisha kucheza bila barua?"

"Sisi? Hapana. Waulize wa Rehani."

Neno lilimtoka kama chafya. Kalamu ya Grégoire ikasimama.

"Niwaulize nini, mama?"

Hapo angeweza kucheka, akasema ni utani wa wanawake, na mambo yangeishia hapo. Badala yake akasikia sauti yake ikiendelea, tulivu kabisa, "Walicheza mwezi wa nne, kwenye akika ya mujukuu wa Amisa. Muchana kutwa. Barua hawakuwa nayo."

"Unajua kweli, ao ni maneno ya kisimani?"

"Ninajua."

Grégoire hakumwuliza alijuaje. Angemwuliza, ingembidi aseme kwamba siku ile alikuwapo. Kwamba ngoma kubwa, ile ya katikati, aliipiga yeye mwenyewe mpaka viganja vikawaka, na Amisa akamfuta jasho kwa leso mbele ya watu wote. Hakusema uongo hata neno moja. Siku zilizofuata, hilo ndilo lililomkaa kooni. Uongo mtu huweza kurudi akaukana. Lakini ukweli wa namna ile, angeukana vipi?

Siku mbili baadaye polisi walikwenda kwa Amisa. Walichukua ngoma tatu na kadi ya chama, wakamchukua na mwenyewe. Akahukumiwa siku saba za boloko, yaani kifungo.

Wanawake wa boloko walikuwa wakikata majani kando ya barabara kubwa, mahali ambapo kila mpita njia aliwaona. Amisa aliinama pale na panga, amefunga, midomo imekauka, jua la kiangazi likimpiga mgongoni. Subira hakumwona kwa macho yake, maana tangu siku ya kwanza alianza kwenda sokoni kwa njia ya nyuma, ile ya bondeni, iliyozunguka mara mbili. Aliambiwa tu. Na kila aliyemwambia alitikisa kichwa na kusema, "Masikini, na wewe ni mudogo wake, lazima unaumia sana."

Siku ya tatu alipika uji wa mchele, akamtuma Zaituni aupeleke boloko kwa futari. Binti alirudi na sufuria tupu.

"Amesema nini?"

"Amesema Mungu akuzidishie. Tena ameuliza kama lile jino lako limepona."

Subira akaingia chumbani, akakaa kitandani na ushungi mdomoni. Futari yake ilipoa mpaka ikashika utando.

Ndipo watu walipoanza kutafuta nani aliyepeleka maneno kwa serikali. Hawakutafuta mbali. Mkabala na nyumba ya Amisa alikaa Marguerite, mama wa Kikristo aliyeuza mawese, na mumewe, Placide, alikuwa polisi. Nani mwingine angeona? Nani mwingine angefikisha? Kufika Ijumaa, kisimani ndoo ya Marguerite ilikuwa ikisukumwa nyuma ya zote. Chupa zake za mawese zilibaki juu ya meza mpaka soko likavunjika. Watoto wake wawili walirudi nyumbani wakilia, kwa sababu wenzao waliwaita mbwa wa serikali.

Maneno hayo yalifika hata kwenye baraza la Hariri. "Ni yule muke wa polisi," akasema mmoja, na wote wakageuka kumtazama mkubwa wao. Subira hakusema ndiyo. Aliitikia kwa kichwa tu. Lakini kichwa nacho kina ulimi.

Barua ya Hariri ilitoka, kashe juu yake. Amisa naye alitoka boloko, siku mbili kabla ya Idi.

Siku yenyewe walicheza. Sare zilimeta, mistari ilinyooka, nyimbo zilikuwa zimefundishwa vizuri. Subira aliongoza mbele, akijaribu kutotazama upande wa kushoto wa uwanja, mahali ambapo watu wa Rehani walizoea kusimama. Palikuwa wazi. Kisha akasikia kigelegele, kirefu, kinene, sauti ambayo angeijua hata usingizini. Amisa alikuwa amekuja peke yake. Alisimama katikati ya watazamaji, viganja vyake vimefungwa vitambaa kwa ajili ya malengelenge, akimshangilia mdogo wake.

Mguu wa Subira ukakosa mapigo, na mstari wote nyuma yake ukakosa.

Jumatatu alikuwa biro kabla mlango haujafunguliwa.

"Andika," akamwambia Grégoire. "Kwenye akika ile na mimi nilikuwa. Ngoma kubwa niliipiga mimi. Andika jina langu."

Grégoire akafunga mlango.

"Mama, faili imefungwa. Bwana Mkubwa amesafiri Kabambare, atapitia Wamaza, hatarudi kabla ya wiki tatu. Na akirudi atauliza kwa nini karani hakukuuliza siku ile. Makosa yatakuwa yangu." Akashusha sauti. "Rudi nyumbani. Hakuna mutu anakutafuta."

"Hiyo ndiyo shida, mwanangu."

Lakini kijana alikuwa amekwisha geukia karatasi zake.

Subira alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa Marguerite. Alimkuta uani akimimina mawese yaliyoanza kuharibika. Akamwambia yote, amesimama, kwa sababu hakuambiwa akae. Marguerite hakuacha kumimina.

"Na wewe ulijua wanasema ni mimi?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Marguerite akaweka chupa chini. "Mume wangu ameomba ahamishwe sababu ya hayo. Watoto hawalali. Usiniombe mimi kitu, Mama Zaituni. Nyumba ni ile pale. Nenda useme, tena sema kwa sauti, nisikie nikiwa hapa."

Uani kwa Amisa wanawake wa Rehani walikuwa wakimenya mihogo. Subira aliwapa salamu, kisha akasema, na alisema kwa sauti, mpaka majirani wakatokeza vichwa. Alitaja biro, swali la karani, jibu lake, na jinsi alivyoitikia kwa kichwa. Hakusema alikuwa na hasira, wala kwamba neno lilimponyoka. Alipomaliza, visu vyote vilikuwa vimesimama.

Amisa aliuliza jambo moja tu.

"Siku Zaituni ananiletea uji, ulikuwa umekwisha kunisema?"

"Ndiyo, yaya."

"Na mimi nikaunywa nikakuombea."

Subira alingoja tusi, hata kofi. Amisa akainuka polepole, akajikung'uta kanga, akawageukia wenzake. "Simameni wote. Twende kwa Mama Marguerite tukaombe radhi. Wale watoto tumewatukana bure."

Wakatoka mmoja mmoja. Amisa alipita karibu naye kiasi cha upindo wa kanga kumgusa, wala hakumtazama. Subira alibaki peke yake na rundo la maganda. Hatimaye akawafuata, akasimama barabarani, ng'ambo ya ua, maana radhi ile ilikuwa yake kuliko ya mtu yeyote. Aliwaona wakipiga magoti mbele ya Marguerite. Aliona Marguerite akitoa vibao wakae. Hakuna aliyemwita aingie, na hakuna aliyemfukuza.

Juma lile aliuacha ukubwa wa Hariri. Rehani walirudishiwa kadi mwaka uliofuata, na Placide alikwisha hamia Lusangi na watu wake. Amisa hakupata kumnunia Subira. Walipokutana njiani alimsalimu vizuri, akamwuliza habari za nyumbani, akangoja jibu, kama ambavyo angemfanyia mgeni yeyote wa mtaa ule, kisha akaendelea na safari yake.