Kuni za Ukweni

Aketch aliegesha gari nyuma ya pikapu ya shemeji yake, na kabla hajazima injini akaziona zile kuni. Zilikuwa zimejaa hadi ukingoni, zimefungwa kamba na mtu anayejivunia kazi yake, na juu yake kumetandazwa turubai la buluu ambalo halikufika nyuma. Hakuwa na haja ya kusogea karibu ili ajue ni za mti gani.

"Ni ash," akamwambia mumewe, Ndirangu, aliyeketi kando yake. "Ndugu yako anapeleka ash Maine."

Ndirangu akajifanya anatafuta simu yake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi ya Mei hapo Germantown, Maryland, na familia ilikuwa inajiandaa kwa safari ndefu ya kaskazini, kupeleka ruracio ya Kimani. Wazazi wa bibi harusi waliishi katika mji mdogo karibu na mpaka wa Kanada, na mahari, hata ya Wakikuyu wa Marekani, haipelekwi kwa njia ya posta. Mbuzi walishaagizwa kwa mkulima wa hukohuko. Kuni ndizo zilizomkera Gichuki, baba yake Kimani na kaka mkubwa wa Ndirangu. Gichuki alikuwa amekubali mambo mengi ya nchi hii: theluji, kodi, na kuwaogesha wazee wa watu wengine katika nyumba ya kutunzia wazee mpaka na yeye mvi zikamtoka. Kuchoma mbuzi wa ruracio kwa gesi alikataa. Kufika ukweni kisha aombe kuni, hilo hakutaka hata kulisikia.

Aketch naye alikuwa mtafiti wa wadudu wa misitu, na kwa miaka mingi kila kiangazi alikwenda kupima miti kwenye bonde moja la Maine, karibu kabisa na mji wa wakwe hao. Aliyemhangaisha ni mdudu mmoja wa kijani kinachong'aa, asiyezidi ukucha wa kidole kidogo. Mdudu mzima hula majani kidogo tu, hana neno. Balaa ni mabuu yake, yanayochimba chini ya gome na kula ile ngozi laini inayopitisha chakula cha mti, mpaka mti unakufa ukiwa umesimama. Huku Maryland miti ya ash ilikuwa karibu kwisha. Katika bonde lake bado ilikuwa mizima, kwa sababu baridi ya kule zamani ilikuwa haina mchezo. Usiku mmoja mkali wa Januari uliyagandisha mabuu humo humo ndani ya gome, na mzembe aliyeyaleta na kuni zake akarudi kwao bila kujua kwamba amefunikiwa kosa. Sasa baridi imelegea, na haimfunikii mtu kosa tena.

Alhamisi iliyopita alikuwa amepigiwa simu na Cheryl, mwenzake wa kazi aliyeko kule msituni. Ndege wanaodona miti walikuwa wamebandua magome ya miti mitatu pembeni mwa bonde, upande wa mjini. Ndege hao hawabandui gome kwa kujifurahisha, wanafuata mabuu. Tangu siku hiyo Aketch hakulala vizuri, na muda wote alikuwa akiwalaani watu wa kambi, watalii wanaokuja kulala msituni, wale wenye magari makubwa kama nyumba na kuni zao za kutoka kusikojulikana.

Akashuka garini na kuufunga mlango kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Shemeji, habari ya asubuhi."

"Njema sana, Daktari. Karibu chai," Gichuki akasema huku akifuta mikono. "Umeona kazi? Hizi zote nime-split mwenyewe."

"Nimeona. Naomba tuzishushe."

Gichuki akacheka. "Tuzishushe halafu twende na nini? Makaa ya supermarket?"

"Tutanunua kuni kule kule. Zinauzwa barabarani, karibu kila nyumba."

"Mimi niende kwa in-laws, halafu ninunue kuni kwa jirani yao? Watasema watu wa Maryland hata moto walikuja kuomba."

"Shemeji, hizi kuni ziko na wadudu. Nilikuambia Christmas. Nilikuambia tena Easter. Hata sheria haikubali uzivushe state."

"Sasa mdudu gani anakula mti umekufa? Ule ulikauka kabisa, ndio nikaukata November. Na zimekaa nje winter yote. Si wangekuwa wame-freeze?"

"Winter gani? Hii uliyomaliza na sweta?"

Ndirangu akakohoa na kwenda kuangalia upepo wa magurudumu, ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Kwa Aketch ilikuwa kama kumpigia mbuzi gitaa. Ukoo mzima ulimwita Daktari, kwa mapenzi, na kila aliyekuwa na kunguni au mende jikoni alimpigia simu hata akiwa kazini. Lile jambo moja alilolisomea hadi macho yakaumia, hilo hakuna aliyelisikiliza. Lilimuuma, na alikuwa amechoka kutabasamu juu yake.

Alichukua panga la Gichuki lililokuwa kwenye pikapu, akavuta gogo moja, akaliweka chini na kuingiza ncha ya panga chini ya gome. Kipande kikubwa kikabanduka. Ndani yake mlikuwa na vijia vilivyojipindapinda, vimejaa unga. Alipochokora kidogo kwenye gogo lenyewe akafungua kitundu, na ndani yake alikuwamo mdudu, wa kijani kabisa, tayari kutoka. Akasogeza mguu mmoja.

Gichuki akainama, akavaa miwani.

"Haka kadogo hivi?"

"Hako."

"Na kamemaliza winter yote humu?"

"Yote."

Gichuki alimwangalia yule mdudu kwa muda mrefu. Ni mkaidi, lakini macho yake yakishaona habishi. Akavua miwani, akaanza kufungua kamba yeye mwenyewe.

"Basi tushushe," akasema. "Mimi siendi kwa wakwe kuwaulia msitu."

Walizishusha zote, na Ndirangu akabeba magogo kwa bidii ya mtu mwenye hatia. Walipomaliza waliketi kwenye ngazi za nyumba wakanywa chai. Aketch alifurahi, asifiche. Kwa mara ya kwanza katika familia hii alikuwa amesema na mtu akasikia. Angempigia Cheryl amwambie kwamba angalau pikapu moja imezuiwa.

"Na tena usi-worry sana, Daktari," Gichuki akasema, akijifariji mwenyewe. "Hatutaaibika. Zile za mwaka jana hazikuisha."

"Zipi za mwaka jana?"

"Za ile siku ya kuhanda ithigi, tulipoenda kumwekea msichana alama ya uchumba. Ilikuwa Mei kama sasa, wewe ulikuwa Alaska kwa conference. Ule ash wangu wa kwanza kukauka, wa kando ya garage. Tulipeleka pikapu nzima, tukachoma nusu. Mkwe akazipanga vizuri nyuma ya nyumba, pale msitu unaanza. Yule mzee anaheshimu vitu."

Aketch akamgeukia mumewe.

"Nilisaidia tu ku-load," Ndirangu akasema, macho yakiwa kwenye kikombe. "Hukuniuliza."

Mei ya mwaka jana. Wadudu walitoka Juni, wakataga, mabuu yakachimba, yakapita majira ya baridi ambayo hayakuwa baridi, na ndege wakaja. Miti mitatu, upande wa mjini. Hakukuwa na watu wa kambi, wala magari makubwa kama nyumba.

Aliweka kikombe chini, akapiga simu. Cheryl alipokea upesi, akauliza kama kuna habari yoyote.

"Nimejua kuni zilitoka wapi," Aketch akamjibu kwa Kiingereza, kisha akakwama kabla ya kusema ni za nani. Gichuki alikuwa amekichukua kikombe cha Aketch, akakijaza chai tena, akatia vijiko viwili vya sukari kama anavyopenda Daktari, na sasa alikuwa anamnyooshea kwa mikono yote miwili.